Nukta Bado Anachagua

Kiwandani walimwita Nukta, na jina hilo hakupewa kwa huruma. Alikuwa msahihishaji, mtu wa mwisho kuuona ukurasa kabla haujaingia kwenye mashine ya kuchapa, na katika miaka yote aliyokalia kile kiti cha dirishani hakuna nukta iliyowahi kumpita. Ungemletea kitabu cha hesabu kilichopitiwa na mwandishi, na mhariri, na mke wa mhariri, naye angekifunua, akaweka kidole: hapa. Watu walimchukia kidogo kwa hilo. Yeye alijua, na ilimpendeza.

Sasa mtu wa namna hiyo akiambiwa na daktari kwamba macho yake yanakufa kuanzia pembeni, afanye nini? Mwingine angelia. Mwingine angekwenda moja kwa moja kwa mkewe. Nukta alitoka hospitali, akanunua gazeti, akasimama kwenye kivuli cha ukuta akalisoma lote, pamoja na matangazo ya vifo na ya viwanja. Aliliweza. Basi akajiambia kuwa daktari anatia chumvi.

Daktari hakutia chumvi hata chembe. Ilikuwa presha ya macho, ambayo haiumi, haiwashi, haina haraka. Inakula kingo za unachokiona mpaka ubaki unatazama dunia kwenye tundu la ufunguo. Kilichokwisha kuliwa hakirudi. Dawa ya matone inalinda kilichobaki, basi. Na Nukta alipokuwa ameshainuka, mkono uko kwenye kitasa cha mlango, daktari akaongeza jambo ambalo Nukta alitamani asingalilisikia.

"Una ndugu wa tumbo moja?"

"Ninaye dada."

"Mwambie aje apimwe. Ugonjwa huu hupenda kutembea ndani ya familia. Asisubiri mpaka aone dalili, maana dalili ikionekana ujue mengi yameshakwenda."

Dada yake huyo alikuwa mkubwa kwake, mjane, anakaa nyumba chache kutoka kwao. Ndiye aliyemshika kidole akamfundisha herufi juu ya mchanga kabla hajatia mguu shule. Na dada huyo, kwa habari ya vikombe, alikuwa msiba. Akikaa mezani atapiga kikombe na kiwiko. Akipita mlangoni bega litaufuata mwimo. Mke wa Nukta alimwekea kikombe chake cha plastiki na kukiita kikombe cha mheshimiwa, na dada mwenyewe alicheka kuliko wote. "Mimi nililewa maji ya uzazi," alizoea kusema, "mpaka leo hayajanitoka." Nukta naye alikuwa akicheka hadi machozi. Tangu siku ile ya daktari aliacha kucheka, na hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Unaweza kusema, si amwambie tu? Kusema ni rahisi. Kumwambia dada ni kumwambia mke, na kumwambia mke ni kumwambia ndugu yake, yaani shemeji, na shemeji alikuwa fundi wa kompyuta aliyekuwa akiingia na kutoka pale kiwandani kama mwenyeji. Msahihishaji asiye na macho ni mpishi asiye na ulimi. Nani atakula chakula chake? Kwa hiyo Nukta alijipangia. Kwanza atafute njia ya kufanya kazi bila macho. Akishaipata, akishaizoea, ndipo atakapowakusanya wote awaambie, kichwa kiko juu, hakuna cha kuhurumiwa. Haikuwa nia mbaya. Ilikuwa ndefu tu.

Njia yenyewe aliisikia kwenye benchi la kliniki ya macho, kwa mwalimu mstaafu asiyeona kabisa. Mzee huyo alikuwa na kompyuta ndogo mapajani na kipokea sauti kimoja sikioni, anachapa, anasikiliza, anacheka peke yake. Nukta alivumilia mpaka akashindwa, akauliza.

"Vitu vya kubofya vinataka macho," mwalimu alimwambia. "Lakini ndani ya kompyuta kuna mahali pa maneno matupu. Unaandika amri, inakujibu kwa maneno. Na maneno, bwana wangu, yanasomeka kwa sauti. Wewe bado unaona?"

"Kidogo."

"Basi jifunze sasa, mikono izoee. Mfumo wenyewe hununui. Hii mifumo huria watu wameiandika wakaiacha wazi, chukua, tumia, fungua uone ilivyoshonwa. Ila iko mingi kama viatu sokoni. Wewe chagua unaosema."

"Upi unasema?"

Muuguzi akaita jina, mwalimu akafunga kompyuta, akaipapasa njia kwa fimbo yake nyeupe akaondoka. Swali likabaki na mwenyewe.

Nukta akalipeleka kwa shemeji yake. Karakana ya shemeji ilikuwa chumba kimoja kilichojaa mizoga ya kompyuta hadi darini, na kijana mwenyewe katikati, ameinamia kitu kwa bisibisi.

"Shemeji, nataka kujifunza ile kompyuta ya kuandika amri. Ile ya skrini nyeusi."

Fundi akaweka bisibisi chini. "Wewe? Umegombana na dada yangu nyumbani, unatafuta pa kutoa amri?"

"Naenda na wakati tu."

"Wakati umekupita, shemeji. Watu leo wanagusa kioo kwa kidole, wewe ndiyo kwanza unakwenda kuandika." Lakini alikuwa ameshafurahi, maana hakuna fundi asiyependa kuulizwa. Akatoa flashi tatu kwenye droo, akazipanga mezani. "Zote hizi ni Linux, mfumo huria. Mama mmoja, tumbo moja, ila kila mtoto na tabia yake. Huyu namwita Bibi Harusi. Mzuri, rangi zake nzuri, kila kitu cha kubofya. Ile skrini nyeusi anayo, lakini ameificha chini ya kitanda. Huyu ni Jijengee. Anakupa matofali na saruji, nyumba ujenge mwenyewe. Ukitoka hapo salama umekuwa fundi. Na huyu ni Mkongwe. Hana mbwembwe, haharibiki, hana haraka na mambo mapya. Unataka wa kubembelezwa au wa kupigwa?"

Neno tumbo moja lilikuwa limemkaa Nukta vibaya.

"Upi una sauti?"

"Sauti gani?"

"Sauti. Kwa jumla."

"Spika unazo, shemeji. Utasikiliza muziki mpaka uchoke."

Angeongeza maneno mawili tu, ya kunisomea, na jibu lingetoka palepale. Hayo mawili ndiyo hakuweza kuyatoa. Akachukua flashi zote, na kompyuta kuukuu, na kwa kuwa alisema anapenda herufi kubwa, shemeji akamuunganishia kwenye televisheni ya sebuleni.

Alianza na Bibi Harusi. Na lazima niseme ukweli, Nukta alikuwa mwanafunzi mzuri. Mtu aliyezoea kupigania mkato haogopi amri ambazo ukikosa nafasi moja hazifanyi kazi. Alijifunza kuuliza yuko wapi, kuorodhesha vilivyomo, kuhama, kunakili, kufuta. Siku moja alileta nyumbani kitabu kizima cha darasa la nne ndani ya flashi, akaandika amri fupi, grep, na mbele yake alama chache, akabonyeza Enta. Kila mahali palipoachwa nafasi mbili badala ya moja pakajitokeza kwenye kioo, na namba ya mstari wake. Kitabu kizima, kabla hajafumba kope. Alikaa anatazama. Alifurahi, kwa kuwa hapo aliona kazi inawezekana. Kisha akasikia uchungu, kwa kuwa kile alichokuwa akisifiwa nacho miaka yote kilikuwa kimefanywa na neno la herufi nne.

Siku ile ndiyo ilikuwa siku ya kumwambia dada. Njia imepatikana. Lakini Nukta akaanza kuona kasoro za Bibi Harusi. Alijaribu kufumba macho na kufanya kazi hivyo, akaunda folda, akasubiri. Kimya. Kompyuta ya amri ndivyo ilivyo: ukikosea inakugombeza, ukipatia inanyamaza. Mwenye macho anaona mstari umeshuka, anaendelea. Aliyefumba macho anabaki palepale, hajui kama amepatia, au amekosea, au umeme umekatika. Hofu ilimshika mpaka akafumbua. Sauti ya kusoma ilikuwemo, aliikuta imejificha ndani ya mipangilio; aliiwasha, ikataja vitufe na madirisha mfululizo, na mara mkewe akapita na sinia la nguo. Akaizima kama mtu aliyeshikwa na kitu cha wizi. Akajiambia, hapana, huyu si wangu. Kuna mwingine.

Siku hizo dada akateleza kwenye ngazi ya nyumba yake mwenyewe, ngazi aliyoipanda maisha yake yote, akateguka kifundo cha mkono. Nukta alikwenda kumjulia hali. Alimkuta kitandani, mkono umefungwa bandeji, anawasimulia majirani jinsi ngazi ilivyomkimbia. Majirani walipotoka, dada akamtazama, au tuseme akautazama upande aliokaa.

"Mdogo wangu, umekuja na jambo."

"Nimekuja kukuona tu."

"Nakujua. Ukiwa na jambo unakaa ukingoni mwa kiti."

Nukta alirudi nyuma kitini. Maneno yalikuwa yameshafika kooni. Alichotoa ni habari ya kompyuta, kwamba anajifunza, kwamba ipo mifumo mingi, na dada akasikiliza kwa furaha kama alivyomsikiliza tangu utotoni, akauliza maswali, akamwambia, "Wewe nilijua utasoma mpaka uzeeni. Kumbe nilikuanzisha vizuri." Nukta aliaga. Njiani alitembea kwa hasira, na aliyekasirikiwa alikuwa yeye mwenyewe. Na alipofika nyumbani alifanya nini? Alimfuta Bibi Harusi, akachomeka Jijengee.

Jijengee alimchosha kisawasawa. Alimwamkia na skrini nyeusi na alama moja inayopepesa, basi, hakuna karibu wala starehe. Kila kitu unakitafuta, unakiomba, unakipachika. Nukta alikuwa akitoka kazini anakaa hapo mpaka mkewe anauliza kama siku hizi anakula kwa macho. Mtandao aliupata. Herufi kubwa alizipata. Sauti hakuipata, kila alipopachika kipande, kiliomba kingine. Na wakati wote huo alikuwa na jibu la kumpa dhamiri yake: bado, sijakamilisha. Ni raha ya ajabu hiyo, kuwa na kazi ngumu mbele ya kazi usiyoitaka.

Kiwandani mambo yakaharibika. Kitabu cha jiografia kilitoka mashineni, kikakatwa, kikashonwa, ndipo mtu wa majalada alipoona kwamba kurasa za kushoto zimekatwa pamoja na namba zake. Namba zilikuwa zimewekwa nje mno, ukingoni kabisa. Kingo ndizo Nukta asizokuwa nazo. Meneja, mama mmoja mpole, alikuja mwenyewe na nakala mkononi akamwekea mezani.

"Hii imekupitaje wewe?"

Chumba kizima kilikuwa kimeacha kazi kusikia. Wengine walikuwa wamesubiri siku hiyo muda mrefu.

"Taa hii," Nukta alisema. "Mwanga wake umepungua."

Meneja akaitazama taa, ambayo ilikuwa inawaka vizuri. Kesho yake Nukta alikuta taa mpya mezani, kubwa, yenye shingo ya kupinda. Hakuna aliyemcheka usoni. Ile taa ilimuumiza kuliko kuchekwa, na aliiwasha kila asubuhi.

Akarudi kwa shemeji kulalamika kwamba Jijengee naye si wake. Safari hii fundi hakutania. Alimsikiliza mpaka mwisho, anafuta mikono kwa kitambaa.

"Shemeji, nikuambie kitu, usikasirike?"

"Sema."

"Wewe hujifunzi. Unachagua. Wateja wa hivyo ninao. Kila wiki mfumo mpya, kila wiki huu una kasoro. Amri ni zilezile kokote. Ulizojifunza kwa Bibi Harusi zinatosha kukufikisha. Kuna kitu gani unachokitafuta humo ambacho huniambii?"

Nukta alivunga. Alisema ni umri, akili haishiki. Lakini neno lile lilimwingia, na akaenda nalo nyumbani, na usiku hakulala vizuri. Alikuwa anachagua, ndiyo. Angechagua mpaka dada yake aanguke mahali pasipochekesha.

Akapiga moyo konde. Akasoma mtandaoni habari za Mkongwe, akakuta kile alichokuwa akikitafuta tangu benchi la kliniki: kwamba huyu anasema tangu anapowekwa. Ukiwasha kompyuta na flashi yake, unasikia mlio, unabonyeza herufi moja na Enta, na kuanzia hapo kila swali unasomewa. Mtu asiyeona kabisa anaweza kumweka peke yake, bila kushikwa mkono. Nukta alisoma mistari ile mara nyingi. Akaamua: Jumamosi nitamweka, na jioni yake nitakwenda kwa dada. Safari hii alijiapia.

Jumamosi mkewe alikuwa chumba cha pili, ambacho ndicho karakana yake ya ushonaji, cherehani inaunguruma. Dada alikuwa naye humo. Mkono umepona, amekuja kupimwa gauni. Nukta alisikia wanavyochekana, wifi hivi, wifi vile. Akaona ndio wakati mzuri, kelele ya cherehani itamfunika. Akachomeka vipokea sauti vyake nyuma ya kompyuta, akavivaa, akahakikisha vimekaa. Akawasha. Mlio ukaja. Akabonyeza herufi, akabonyeza Enta, akavibana masikioni kwa viganja ili asikie vizuri.

Kuna jambo Mkongwe hulifanya ambalo Nukta hakulisoma, kwa kuwa liliandikwa pembeni ya ukurasa. Kompyuta ikiwa na matundu zaidi ya moja ya kutolea sauti, Mkongwe hajui wewe umekaa kwenye lipi. Kwa hiyo anajaribu moja baada ya jingine. Katika kila moja anasema: kama unanisikia hapa, bonyeza Enta. Ukinyamaza, anahamia la pili. Na tundu la kwanza la kompyuta ile halikuwa la vipokea sauti. Lilikuwa la televisheni, ambayo jana yake walikuwa wakisikilizia taarifa ya habari, na sauti ikaachwa juu.

Sauti ilitoka kubwa, ya bati, ya Kiingereza, ikajaza sebule. Nukta aliruka. Hakufikiri, mkono ulifanya kile mikono ya watu wote hufanya kompyuta ikileta balaa. Ukapiga Enta.

Mkongwe akaelewa. Kumbe mwenyewe yuko kwenye televisheni. Akatulia hapohapo, hakutafuta tundu jingine tena, akaanza kusoma orodha ya lugha za dunia, namba kwa namba, kwa sauti ileile ya bati.

Cherehani ikanyamaza.

"Nani huyo anaongea?" mkewe aliuliza, akaja mlangoni, futi ya kupimia ikining'inia shingoni na chaki mkononi. Nyuma yake akaja dada, amevaa gauni lililojaa pini, na bega lake likagonga mwimo wa mlango kwa kishindo. Akacheka mwenyewe. "Samahani, mlango."

"Ni kompyuta," Nukta alisema. Alikuwa bado amevaa vipokea sauti visivyosema kitu. "Inajiweka."

"Mbona inasema?"

"Ndivyo ilivyo hii."

Dada akasogea, akasikiliza, uso umemchangamka. "Inasoma yenyewe? Yaani yote haya yaliyoandikwa?" Orodha ikaendelea, lugha moja, lugha nyingine. "Haya mambo. Mdogo wangu, mimi nilihangaika kukufundisha kusoma, kumbe leo unasomewa kama kipofu."

Alisema kwa mzaha, kama alivyosema kila kitu. Mke alianza kucheka, akamtazama mumewe, akaacha.

Nafasi ya kukwepa ilikuwepo. Neno moja la utani lingetosha, na Nukta alikuwa nalo mdomoni. Alimtazama dada yake amesimama pale na bega lake alilogonga, hata hajalisugua, ameshazoea. Akavua vipokea sauti.

"Macho yangu yanakwisha," alisema. "Ni presha ya macho. Pembeni sioni tena. Ndiyo sababu ya haya yote."

Televisheni ikamaliza orodha, ikauliza swali lake, ikasubiri. Mke akakaa juu ya mkono wa kochi.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu kabla ya mvua."

"Mvua zimekuja zimekwisha. Unalala na mimi chumba kimoja. Nakuwekea chakula mbele, nakuuliza habari za kazi, unanijibu nzuri." Hakupaza sauti. "Ulidhani nitakufanya nini, mwenzangu? Nitakutupa nje?"

"Nilitaka kwanza nijue kufanya kazi. Nisiwe mzigo."

"Mzigo," mke alirudia, na macho yakamjaa.

Dada alikuwa ameshafika, anampapasa mdogo wake kichwani kama mtoto. "Pole, baba. Pole sana. Mbona hukuniambia siku ile ulipokuja? Nilikuona ukingoni mwa kiti. Mimi ningekuwa macho yako. Ningekusomea mpaka magazeti." Alikuwa analia na kutabasamu. "Usiogope. Mmoja wetu akiishiwa, si mwingine anayo?"

Hapo ndipo Nukta alipotamani sakafu ipasuke. Kumwambia mke kulikuwa kugumu, lakini hilo halikuwa lenyewe. Aliushika mkono wa dada uliokuwa kichwani, akaushusha, akaushikilia.

"Dada, daktari alisema uende ukapimwe. Alisema inatembea kwa ndugu. Aliniambia siku ileile."

"Mimi? Mimi naona vizuri. Nachomeka uzi kwenye sindano bila miwani, muulize wifi."

"Hata mimi nasoma gazeti."

Mke aliinuka. Alimtazama mumewe, kisha akamtazama wifi yake, kisha akautazama mwimo wa mlango, na Nukta akaona jinsi mambo yanavyojipanga usoni mwake: vikombe, milango, ngazi. Akauma mdomo. Akamshika wifi yake mabega, kwa upole, akamgeuza wakabaki wanatazamana, akarudi nyuma hatua moja.

"Wifi, nitazame mimi usoni. Usipepese macho kando. Nitainua mkono, wewe uniambie tu ukiuona."

"Hapa hapa? Na pini zangu?"

"Hapa hapa."

Dada akajiweka sawa, kidevu mbele, kama mtoto anayepigwa picha. Alikuwa anatabasamu. Mke akanyoosha mkono wa kulia pembeni, na chaki nyeupe kwenye vidole, akautikisa. Akausogeza mbele kidogo, akautikisa tena. Akanyoosha wa kushoto nao, mikono yote miwili imetanda hewani, na futi imeanguka sakafuni, hakuna aliyeiokota. Machozi yalikuwa yanamtoka, na hayo dada aliyaona, kwa kuwa yalikuwa mbele.

"Sasa unalia nini?" dada aliuliza. "Inua basi mkono, wifi, tumalize. Nakungoja wewe."